Masomo Matatu: Kidato cha Sita katika Elimu ya Waingereza

Kijana wa Uingereza afikapo umri wa miaka 16, akiwa amekwisha kufanya mitihani ya masomo tisa au kumi kwa mkupuo mmoja, hisabati na sayansi, lugha yake mwenyewe na lugha ya kigeni, historia, jiografia, sanaa na mengineyo, huambiwa jambo ambalo mwenziwe wa Ufaransa haambiwi: achague masomo matatu tu, na yaliyosalia ayaage, aghalabu kwa maisha yake yote. Asiyeipenda hisabati, maadamu ameifaulu, hana haja ya kuikabili tena. Aliyeshikwa na mapenzi ya fizikia aweza kumaliza shule pasipo kuandika tena insha hata moja. Ilhali mwenziwe wa ng'ambo ya mlango wa bahari wakati huohuo yungali anasoma falsafa, historia, lugha mbili za kigeni na sayansi kwa pamoja, kwa kuwa mtihani wa taifa lake haumruhusu kuacha kimojawapo. Miaka miwili inayofuata uchaguzi huo, baina ya umri wa miaka 16 na 18, ndiyo waiitayo Waingereza kidato cha sita. Mimi naiona kuwa sehemu bora ya elimu yao, na papo hapo ndiyo yenye ila kubwa kuliko zote, na yote mawili, ubora na ila, yametoka katika chimbuko moja, nalo ni hayo masomo matatu.

Nisemapo Uingereza hapa nakusudia nchi yenyewe ya Waingereza pamoja na Wales na Ireland ya Kaskazini, ambazo zafuata mtindo mmoja kwa tofauti chache. Uskoti ina mila yake tangu kale, nami nitaigusa baadaye. Msomaji wa Tanzania au Uganda, aliyezoea kidato cha tano kufuatwa na cha sita, asishangae kuwakuta Waingereza wakiviita vyote viwili cha sita, kimoja cha chini na kimoja cha juu. Ni desturi iliyobaki kutoka shule za kale za bweni, ambamo madarasa yalihesabiwa kutoka la kwanza hadi la sita, na mwanafunzi aliyefika kileleni alikaa hapo mwaka mmoja, miwili, hata zaidi, mpaka Oxford au Cambridge wampokee.

Katika shule hizo za matajiri ndimo ulimozaliwa moyo wa kidato cha sita. Thomas Arnold, kasisi aliyekabidhiwa shule ya Rugby mwaka 1828, alilichukua darasa la juu akalifundisha mwenyewe, akalipa mamlaka juu ya wadogo, akitumaini kwamba vijana wa miaka 17 wakiaminiwa watajifunza kuaminika. Viranja wa shule zetu za Afrika Mashariki, pamoja na kaka mkuu na dada mkuu, ni wajukuu wa fikra hiyo. Wasichana waliachwa nje kwa muda mrefu. Walipoidhinishwa kuijaribu mitihani ya Cambridge mwaka 1863, na kuruhusiwa rasmi mwaka 1865, haikuwa kwa hisani ya mtu, bali kwa juhudi za wanawake kama Emily Davies na Frances Buss, waliodai kwamba akili ya binti ipimwe kwa mizani ileile ya kaka yake.

Sheria ya mwaka 1902 iliziwezesha serikali za mitaa kujenga shule za sekondari, na mwaka 1918 zikatolewa hati mbili za taifa, ya chini kwa wenye umri wa miaka 16 na ya juu kwa wenye 18. Hati ile ya juu ilimtaka mtahiniwa afaulu kundi la masomo. Akianguka katika kundi, hakupata cheti, hata angalikuwa bingwa wa somo moja. Mwaka 1951 kundi likavunjwa. Mitihani mipya, ambayo dunia yaijua kwa jina la A-level, ikahesabu kila somo peke yake, mtu akachukua alichokipata na kukosa alichokikosa; na kwa kuwa vyuo vikuu vilijitosheleza kwa masomo matatu, desturi ya matatu ikaota mizizi bila ya sheria yoyote kuiamuru. Hata leo hakuna sheria hiyo.

Wakati huo kidato cha sita kilikuwa cha wachache mno. Umri wa kuacha shule ulikuwa miaka 15 tangu 1947, ukapandishwa hadi 16 mwaka 1972, na mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda aliyebaki shuleni hadi 18 alikuwa kama mgeni katika nyumba ya watu. Brian Jackson na Dennis Marsden, katika kitabu chao cha mwaka 1962 juu ya elimu na tabaka la wafanyakazi, waliwafuatilia vijana 88 wa mji wa Huddersfield waliopenya katika hali hiyo, nao walionyesha namna elimu ileile iliyowainua ilivyowatenga na mitaa yao na mazungumzo ya jioni ya baba zao. Leo mambo yamegeuka. Tangu mwaka 2015 kila kijana wa Uingereza yenyewe yampasa kuwa katika masomo au mafunzo ya namna fulani hadi atimize miaka 18, na hesabu ya mitihani ya A-level inayofanywa kila mwaka, somo kwa somo, hupita 800,000. Hisabati ndiyo inayopendwa kuliko zote. Mwaka 2024 waliiandikia zaidi ya vijana 100,000.

Uzuri wa miaka hii miwili ni kitu gani hasa? Tume iliyoongozwa na Geoffrey Crowther, iliyotoa ripoti yake mwaka 1959, ilijaribu kulijibu swali hili, na jibu lake lingali ndilo bora nilijualo. Ilitaja uhusiano wa karibu na chuo kikuu, na kuzama katika fani chache, na kujitegemea katika kazi, na jukumu analopewa mkubwa kwa wadogo. Na katikati ya hayo ikataja ukaribu wa mwanafunzi na mwalimu wake, ule wa mtu anayejifunza kazi kwa kukaa ubavuni mwa aijuaye. Jambo hili la mwisho ndilo lisilopatikana katika darasa la watoto thelathini wenye masomo kumi. Katika kidato cha sita darasa la Kilatini laweza kuwa la vijana wanne, na la fizikia la kumi na wawili. Mwalimu aliyesoma somo hilo chuoni, na ambaye mchana kutwa amekuwa akiwatuliza watoto wa miaka 12, hapa hupata nafasi ya kulisema somo lake kama alipendavyo, na kijana humwona kwa mara ya kwanza mtu mzima akifikiri mbele yake, akisita, akijisahihisha, akirudi kwenye kitabu.

Maisha ya kila siku nayo hubadilika. Sare huvuliwa katika shule nyingi, au hubadilishwa kwa suti kama ya karani wa benki. Wanafunzi hupewa chumba chao cha mapumziko, chenye birika la chai. Na katika ratiba hutokea vipindi huru, ambavyo havina mwalimu wala kengele, na ambavyo mwenye busara huvitumia maktabani na asiye nayo huvipoteza hadi Machi imzindue. Wengine huiacha kabisa shule yao ya awali na kuingia katika vyuo vya kidato cha sita pekee, ambavyo vilianza kuenea baada ya mji wa Luton kufungua cha kwake mwaka 1966, na ambamo mara nyingi kijana humwita mwalimu kwa jina lake la kwanza, jambo ambalo mzazi aliyelelewa Tanga au Lamu hulisikia kwa mshituko. Si utovu wa adabu. Ni dalili kwamba pande zote mbili zimekubaliana kuwa kazi iliyo mbele ni ya watu wazima.

Na kazi yenyewe ni ya watu wazima kweli. Mwanafunzi wa historia, mbali na mitihani, huandika peke yake uchunguzi wa maneno kati ya 3,000 na 4,500 juu ya swali moja, akiwapambanisha wanahistoria waliohitilafiana na kutoa hukumu yake mwenyewe, na kazi hiyo huchukua sehemu ya tano ya maksi zake. Mwanafunzi wa kemia hufanya majaribio yasiyopungua kumi na mawili katika maabara, akayaandika katika daftari, na mwalimu akathibitisha kwamba mikono yake yajua inachokifanya. Nimewaona vijana wa namna hii wakibishana juu ya sababu za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Waingereza kwa uchungu ambao wenzao huutumia kwa mpira wa miguu, na sidhani kwamba wangefika huko lau wangalikuwa na masomo kumi ya kugawanya nyoyo zao.

Ndipo tunapofika kwenye ila. Uingereza haina tahasusi zilizopangwa kama Tanzania, ambako kijana huingia PCB au HGL au EGM na ratiba ikamfuata. Kijana wa huko huchanganya apendavyo, fizikia na muziki na Kifaransa, maadamu ratiba ya shule yake yaruhusu. Uhuru huu wapendeza machoni, walakini una kuta ambazo mgeni hazioni mpaka ajigonge. Tuseme msichana amechagua biolojia, historia na Kifaransa, kwa kuwa ndiyo aliyofaulu vizuri na ndiyo ayapendayo. Katikati ya mwaka wake wa kwanza bibi yake analazwa hospitalini, naye kwa kumtembelea kila jioni moyo wake unaelekea udaktari. Anapoyasoma masharti ya vyuo vya tiba, anakuta vilivyo vingi vinadai kemia. Alikuwa na daraja la juu la kemia miezi michache tu iliyopita. Aliiacha mwezi wa Septemba kwa kutia alama katika karatasi. Sasa ama aanze upya mwaka mwingine, ama avitafute vile vyuo vichache visivyoidai, ama aikate tamaa ile. Wala si udaktari peke yake. Uhandisi wataka hisabati, na mara nyingi na fizikia. Uchumi katika London School of Economics hauingiliki pasipo hisabati, ilhali somo lenyewe la uchumi halidaiwi. Ni wazazi wangapi, wawe Waingereza au wageni, wangelikisia hilo?

Jibu ni kwamba wako wanaolijua, na hapa ndipo dhuluma ilipojificha. Katika nyumba ambamo baba na mama walipita chuo kikuu, habari hizi huzungumzwa mezani tangu mtoto ana miaka 13. Katika shule za kulipia ada, ambazo husomesha takriban asilimia 7 ya watoto wa nchi, kuna mtu aliyeajiriwa kwa kazi ya kuzisema. Lakini mtoto wa dereva wa basi aliyehamia Leicester kutoka Kampala, au wa muuguzi aliyehamia London kutoka Zanzibar, hutegemea mwalimu mmoja mwenye wanafunzi wengi na dakika chache. Mwaka 2011 kundi la vyuo vikuu vikubwa liitwalo Russell Group lilichapisha kijitabu cha kueleza masomo gani hufungua milango mingi, na wengi walikishukuru. Ila kuchapishwa kwake kulithibitisha kwamba hadi siku hiyo elimu hiyo ilikuwa mali ya wachache.

Mitihani huja Mei na Juni, mwisho wa mwaka wa pili. Aghalabu ni ukumbi wa michezo ya ndani, mistari ya uwanja wa mpira wa kikapu ingali sakafuni, na viti vimepangwa kwa safu, umbali usiopungua mita 1.25 kutoka katikati ya kiti kimoja hadi katikati ya kingine, vyote vikielekea upande mmoja. Juu ya kila meza pana kadi yenye jina na nambari. Mfuko wa kalamu lazima uonyeshe kilichomo. Chupa ya maji huvuliwa karatasi yake ya jina. Saa za mkononi haziruhusiwi, hata zile za mshale, kwa hiyo macho yote huinuka mara kwa mara kuitazama saa ya ukutani. Wino ni mweusi. Mtahiniwa wa hisabati kwa kawaida huwa na karatasi tatu za saa mbili mbili, kila moja ya maksi 100, na katika saa hizo sita hupimwa kila alichojifunza kwa miaka miwili.

Haikuwa hivyo siku zote. Mageuzi ya mwaka 2000 yalikuwa yameyakata masomo katika mafungu, kila fungu na mtihani wake, na aliyeshindwa aliweza kurudia. Waziri wa elimu wa wakati huo, Michael Gove, aliyaondoa hayo, na tangu mwaka 2015 Uingereza yenyewe ikarudi kwenye mtihani mmoja wa mwisho, ijapokuwa Wales na Ireland ya Kaskazini zilibakiza sehemu ya mwaka wa kwanza katika hesabu. Naukubali mtindo wa mwisho kwa kuwa umewarudishia walimu muda wa kusomesha badala ya kutahini. Lakini kijana aliyeugua, au aliyefiwa na mzazi mwezi wa Mei, huulipia kwa gharama ambayo kanuni za huruma za mabaraza ya mitihani hazitoshi kuifidia.

Madaraja nayo yana historia yake. Herufi za A hadi E zilianza kutumika miaka ya 1960, na kwa muda wa zaidi ya miaka ishirini ziligawanywa kwa mafungu yaliyokwisha kuwekwa, A kwa takriban asilimia 10 ya watahiniwa wa somo, B kwa asilimia 15, na kuendelea, wawe wamefanya vyema kiasi gani. Utaratibu huo ulipoachwa mwaka 1987 na kazi ya mtu kupimwa zaidi kwa ubora wake, idadi ya A ilipanda mwaka hata mwaka, mpaka mwaka 2010 ikabidi kuongezwa daraja juu ya A, lenye alama ya nyota. Na mwaka 2024 zaidi ya robo ya mitihani yote ilipata A au nyota. Watu hubishana kila Agosti kama vijana wamekuwa werevu zaidi au mitihani imelegea. Mimi nadhani walimu wamejifunza kufundisha kwa mtihani, na hilo si werevu wala ulegevu.

Jambo la ajabu kuliko yote katika mfumo huu ni kwamba kijana huomba chuo kikuu kabla ya kuyajua matokeo yake. Shirika la udahili liitwalo UCAS, lenye makao yake Cheltenham, hupokea maombi ya nchi nzima. Kila mwombaji hutaja kozi zisizozidi tano, na wa Oxford, Cambridge, udaktari wa watu na wa wanyama hutakiwa kuwahi hadi katikati ya Oktoba, miezi saba kabla ya karatasi ya kwanza ya mtihani. Kwa kuwa hapana matokeo ya kuyatazama, mwalimu huyabashiri, na chuo hutoa ahadi yenye sharti: tutakupokea ukipata A mbili na B. Mwombaji huishika ahadi moja kuwa ya kwanza na nyingine kuwa ya akiba, kisha hungoja. Gill Wyness wa University College London aliuchunguza ubashiri huu na kuonyesha mwaka 2016 kwamba ni asilimia 16 tu ya waombaji waliopata jumla sawasawa na waliyobashiriwa. Wengi walibashiriwa zaidi ya haki yao, na miongoni mwa wenye vipawa vikubwa, watoto wa maskini ndio walioelekea zaidi kubashiriwa kidogo. Serikali ilipendekeza mwaka 2021 kwamba maombi yafuate matokeo, kama akili ya kawaida inavyoamuru, na mwaka uliofuata ikaliacha pendekezo lake.

Matokeo hutoka Alhamisi moja ya katikati ya Agosti. Asubuhi hiyo mtandao wa UCAS humwambia kijana kama chuo chake kimempokea, mara nyingi kabla hajaifungua bahasha ya shule na kujua alipata nini. Waliokosa huingia katika ugawaji wa nafasi zilizosalia, na mchana kutwa hupiga simu vyuoni, daraja mkononi, wakijitetea kwa watu wasiowajua.

Mwaka 2020 utaratibu huu ulivunjika mbele ya macho ya dunia. Maradhi ya korona yalifuta mitihani. Walimu wakatoa madaraja yao. Na msimamizi wa mitihani, Ofqual, kwa kuchelea upole wa walimu, akayapitisha katika hesabu ya kompyuta iliyotazama matokeo ya kila shule katika miaka iliyotangulia. Tarehe 13 Agosti ilibainika kwamba takriban asilimia 39 ya madaraja ya walimu katika Uingereza yenyewe yalikuwa yameteremshwa. Mwanafunzi hodari katika shule ambayo haijapata kutoa A alihukumiwa kwa waliomtangulia. Na kwa kuwa madarasa madogo sana yaliachiwa madaraja ya mwalimu, zile shule za kulipia, zenye madarasa madogo, zilisalimika zaidi. Vijana waliandamana mjini London, na tarehe 17 Agosti serikali ikasalimu amri, ikarudisha madaraja ya walimu. Nalitaja tukio hili kwa kirefu kwa kuwa kosa la siku zile nne halikuzuliwa na kompyuta. Lilikuwa ni lile la siku zote, la kumpima mtoto kwa shule aliyotoka, ila safari hii liliandikwa kwa tarakimu na kila mtu akalisoma.

Si wote wanaoifuata njia ya masomo matatu. Wengi husomea vyeti vya kazi kama BTEC, na tangu Septemba 2020 pamekuwapo mafunzo yaitwayo T Level, ambayo humpeleka kijana kazini kwa saa zisizopungua 315 na kuhesabiwa sawa na A-level tatu. Ni jitihada njema, ijapokuwa heshima ya njia ya ufundi katika nchi ile haijafikia ile ya Ujerumani. Kulikuwa pia na posho ya hadi pauni 30 kwa juma, iliyotolewa nchi nzima tangu 2004 kwa watoto wa nyumba maskini waliobaki masomoni; Uingereza yenyewe iliifuta baada ya miaka michache, Wales, Uskoti na Ireland ya Kaskazini zikaishikilia.

Kwa nini basi masomo matatu hayajapanuliwa, ikiwa ila yake yajulikana? Si kwa kukosa washauri. Mwaka uleule wa ripoti ya Crowther, mwandishi C. P. Snow alisimama Cambridge akalalamika kwamba wasomi wamegawanyika katika tamaduni mbili, wa wanasayansi na wa wanafasihi, zisizosikilizana. Mwaka 1988 kamati ya Higginson ilipendekeza masomo matano yaliyo mepesi kidogo. Serikali ya Margaret Thatcher ilikataa. Mwaka 2004 Mike Tomlinson alipendekeza diploma moja ya kuunganisha elimu na ufundi. Serikali ya Tony Blair ilikataa. Mwaka 2023 waziri mkuu Rishi Sunak alitangaza cheti kipya cha masomo mapana zaidi, chenye Kiingereza na hisabati kwa wote hadi miaka 18; walioshika madaraka mwaka 2024 walikifuta. Sababu iliyo chini ya zote, nadhani, ni urefu wa digrii. Chuo kikuu cha Uingereza humaliza kazi yake kwa miaka mitatu kwa kuwa mwanafunzi wa kemia anapoingia amekwisha kusoma kemia kama mtu asomaye jambo moja. Mpanulie kijana masomo, na chuo kitadai mwaka wa nne, na mwaka wa nne una gharama. Uskoti yaonyesha ukweli huo kwa mfano ulio hai: huko vijana wengi hufanya mitihani ya Higher katika masomo matano, na digrii yao ya kwanza ya honours huchukua miaka minne.

Afrika Mashariki ilirithi nyumba hii pamoja na kuta zake. Makerere ilipounganishwa na University of London kwa uhusiano maalumu mwaka 1949, digrii zake zilipimwa kwa kipimo cha London, na masomo ya matayarisho yaliyokuwa yakifundishwa chuoni yakahamishiwa mashuleni kidogo kidogo, yakawa vidato vya tano na sita. Tanzania ilijitenga na mitihani ya pamoja mwaka 1971, ikaunda baraza lake la mitihani mwaka 1973, lakini vidato vile ikavihifadhi, ikaviongezea somo la maarifa ya jumla ili asiwepo ajuaye hisabati tu, Uganda kadhalika. Kenya, kwa ushauri wa tume ya Mackay ya mwaka 1981, iliviondoa, na wanafunzi wa mwisho wa kidato cha sita walifanya mtihani mwaka 1989. Tofauti hiyo yaonekana hata leo katika ofisi za udahili za vyuo vya Uingereza: mwenye cheti cha kidato cha sita cha Tanzania au Uganda mara nyingi huweza kuomba digrii moja kwa moja, ilhali Mkenya mwenye cheti cha kidato cha nne, hata awe na A tupu, katika vyuo vingi hutakiwa kwanza kusoma mwaka wa matayarisho, na kuulipia.

Sasa Kenya imejenga upya orofa ile iliyoibomoa. Mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia darasa la kumi, katika sekondari ya juu ya miaka mitatu, ambamo kila mmoja hufuata mkondo wa sayansi, wa jamii, au wa sanaa na michezo, na kuchagua masomo matatu ya mkondo wake. Lakini Kiingereza, Kiswahili na hisabati haruhusiwi kuviacha. Ni mchanganyiko wa kina na upana unaokaribiana sana na ule uliopendekezwa London mara kadhaa na kukataliwa, nao utajaribiwa katika shule zenye maabara chache na walimu wachache kuliko zile za Waingereza. Vijana hao watafanya mtihani wao wa mwisho mwaka 2028, na vyuo vikuu vya Uingereza vitalazimika kuamua cheti chao kina thamani gani kando ya A-level tatu.